Goti Limevimba, Kijidudu Hakuna

Kuna sentensi moja ninayoiandika mara kwa mara kwenye fomu za majibu pale maabara, na sijawahi kuona mgonjwa aliyeifurahia: hakuna vijidudu vilivyoonekana. Ungedhani ni habari njema. Lakini mtu aliyepanda daladala kutoka Kibosho au Uru akiwa na goti limejaa hadi suruali haipiti, akachomwa sindano, akavutwa maji, akalipia kipimo, hataki kuambiwa kwamba hakuna kitu. "Sasa kama hakuna, hiki kinachoniwaka ni nini?" Ni swali la haki kabisa.

Hapa Moshi majibu yako tayari, hata usipoyauliza. Ni baridi, hasa Julai mawingu yanapokaa juu ya mji wiki nzima na jua hulioni. Ni uzee. Ni damu chafu. Au ni maabara wameshindwa kukiona. Hili la mwisho ndilo linaloniudhi, kwa sababu ndilo linalompeleka mtu duka la dawa kununua antibayotiki ya kuua kijidudu ambacho mimi nimemwandikia kwa mkono wangu kwamba hakipo.

Jibu ambalo watafiti wamelifikia katika miaka kama thelathini iliyopita linashangaza kuliko baridi na damu chafu kwa pamoja. Kinachowasha goti mara nyingi ni vipande vya mwili wenyewe. Nyuzi na sukari zilizojengwa kati ya seli zinapokatika au kuchanika, chembe za kinga huvisoma vipande vyake kwa vipokezi vilevile zinavyotumia kumtambua bakteria. Ndiyo maana goti lisilo na bakteria hata mmoja huvimba, huwa jekundu, hupata joto na kuuma kama goti lenye bakteria elfu.

Twende polepole, tuanze na maji ya goti yenyewe.

Kabla kichupa hakijafika mezani kwangu, daktari mzoefu huwa ameshajua nusu ya habari. Akishavuta, hubonyeza bomba la sindano taratibu na kuliacha tone moja litoke. Goti zima hutoa tone lenye mkia: hushuka likivuta uzi mwembamba unaong'aa, sentimita kadhaa, ndipo ukatike. Goti lililowaka hutoa tone lisilo na mkia. Linadondoka tu, likifuatiwa na jingine. Nimeona tofauti hiyo mara nyingi na bado huwa nasimama kuitazama. Kisha kuna rangi. Maji ya goti lililoumia kwa kazi huwa ya njano hafifu, ukiweka karatasi yenye maandishi nyuma ya kichupa unayasoma. Yakiwa na usaha husomi kitu. Kwenye hadubini ndipo tunahesabu: goti zima lina chembe nyeupe za damu chini ya 200 kwa kila maikrolita, likiwaka, zinapanda hadi elfu mbili na kuendelea, zikipita 50,000 hakuna anayesubiri karatasi, simu inapigwa wodini, kwa sababu hapo bakteria anashukiwa mpaka ithibitike hayupo, na goti lenye usaha linaweza kuharibika ndani ya siku chache.

Ule mkia wa tone unatoka kwenye kitu kinachoitwa hayaluronani. Ni mnyororo wa sukari mbili zinazopokezana maelfu kwa maelfu ya mara, mrefu kupita kiasi kwa kipimo cha molekuli. Karl Meyer na John Palmer waliitenga kwa mara ya kwanza mwaka 1934 huko New York, kutoka kwenye macho ya ng'ombe. Ndiyo inayofanya maji ya goti yawe na utelezi. Watu wa hapa wanaiita ute, na wamekuwa wakilalamika kwamba ute wa magoti umeisha tangu kabla mimi sijazaliwa.

Dawa ya ute ulioisha, kila mtu anaijua: makongoro. Asubuhi na mapema, supu ya kwato za ng'ombe iliyochemka usiku kucha, ndimu, pilipili, chapati mbili. Sina ugomvi na makongoro. Nanywa. Ile supu imejaa kolajeni, protini ngumu ya kano na ngozi, iliyolegezwa na moto ikawa jelatini. Ndiyo maana ukiiacha hadi kesho inaganda kwenye sufuria. Ila ikifika tumboni inakatwakatwa kuwa asidi amino na vipande vifupi, na mwili unavigawa unakotaka wenyewe. Hakuna njia inayotoka kwenye bakuli hadi kwenye goti. Ute unatengenezwa na seli za utando wa ndani wa kiungo, humohumo, na utando ukiwa umewaka seli hizo zinatengeneza ute hafifu, wenye minyororo mifupi. Wazee walishika jambo la kweli kwamba kilichopungua ni ute. Kwa nini umepungua, hilo halimo kwenye supu.

Na hapo kwenye minyororo mifupi ndipo habari inapogeuka. Hayaluronani ikiwa ndefu, hutuliza chembe za kinga. Ikikatika vipande vifupi, huziamsha. Kitu kilekile, sukari zilezile, tofauti ni urefu tu. Kuna yule fuko asiye na manyoya anayeishi chini ya ardhi Kenya, Ethiopia na Somalia. Mwaka 2013 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba hayaluronani yake ni ndefu zaidi ya mara tano ya ile ya binadamu, na wakaihusisha na jinsi anavyopata saratani kwa nadra sana. Naye hanywi makongoro.

Tulipokuwa shuleni tulifundishwa seli: kiini, utando, mitokondria, tukachora, tukaweka rangi. Kilichopo kati ya seli na seli hakikuchorwa. Kiliachwa cheupe. Ukweli ni kwamba kwenye gegedu la goti, ile tabaka laini inayofunika ncha za mifupa, sehemu hiyo iliyoachwa nyeupe ndiyo karibu kila kitu; seli zenyewe huchukua asilimia chache tu ya ujazo. Zilizobaki ni nyuzi za kolajeni, protini zilizovaa sukari, na maji mengi yaliyoshikwa humo. Kolajeni peke yake ni karibu theluthi moja ya protini zote za mwili. Wataalamu huita mfumo huu wote matriksi, na kwa muda mrefu nao waliuchukulia kama kifaa cha kushikilia tu, kitu cha mhandisi zaidi kuliko cha daktari wa kinga.

Upande wa kinga, habari ilianza na nzi. Mwaka 1996 kundi la Jules Hoffmann mjini Strasbourg lilionyesha kwamba nzi wadogo wa matunda wenye hitilafu kwenye jeni iitwayo Toll hufa kwa ukungu, kwa sababu hawawezi kuutengenezea kinga. Mwaka uliofuata Ruslan Medzhitov na Charles Janeway wakaonyesha binadamu anayo Toll ya kwake. Mwaka 1998 Bruce Beutler akafumbua fumbo la panya wa maabara ambao ukiwadunga sumu ya ukuta wa bakteria hawashtuki: jeni iliyoharibika ilikuwa ya kipokezi kinachoitwa sasa TLR4. Hoffmann na Beutler walipata Nobel mwaka 2011, pamoja na Ralph Steinman. Picha ikawa safi sana: chembe za kinga zina vipokezi vya kutambua vitu vya vijidudu, vitu ambavyo sisi hatuna. Janeway alikuwa amelitabiri hilo tangu 1989.

Safi kupita kiasi, kwa maoni yangu. Mwanamama mmoja wa Taasisi ya Taifa ya Afya ya Marekani, Polly Matzinger, alikuwa ameshaandika mwaka 1994 kwamba kinga haiulizi kwanza "huyu ni mgeni au mwenyeji?" Inauliza "kuna kilichoharibika?" Mchaga atamwelewa haraka. Kihamba, lile shamba la nyumbani, kimezungushiwa masale, mimea ya uzio. Ukiamka ukakuta masale yamelala chini na yamekanyagwa, humsubiri mwizi umwone kwa macho ndipo upige kelele. Masale yaliyovunjika yanatosha. Wengi walimbishia Matzinger, na kwa mambo kadhaa walikuwa na haki ya kubisha. Ila miaka iliyofuata ikaleta vipande vya uzio huo, kimoja baada ya kingine.

Kwanza fibronektini, protini ya matriksi ambayo seli hujishikiza kwayo. Kwenye kidonda, seli hutengeneza toleo lake lenye kipande cha ziada kinachoitwa EDA, ambacho kwenye tishu tulivu ya mtu mzima huwa hakionekani sana, na mwaka 2001 ikaonekana kipande hicho kinaamsha TLR4. Kisha biglikani, protini ndogo yenye minyororo miwili ya sukari. Ikiwa imefungwa kwenye matriksi, imetulia. Ikikatwa ikawa huru, inaamsha TLR4 na ndugu yake TLR2 kwa pamoja. Hiyo ni kazi ya Liliana Schaefer na wenzake huko Ujerumani, 2005. Baadaye wakakuta inaamsha pia mtambo wa ndani ya seli uitwao NLRP3, uleule ambao fuwele za asidi ya yuriki huuamsha kwa wagonjwa wa jongo. Nikiona zile fuwele kwenye hadubini, vijisindano vyembamba vilivyochongoka pande zote mbili, najua mwenyewe usiku uliopita hakulala.

Lakini iliyonishika mimi ni tenasini-C. Ina mikono sita iliyotoka kwenye kitovu kimoja. Mtoto akiwa tumboni inatengenezwa kwa wingi, kisha kwa mtu mzima mwenye afya inakaribia kutoweka. Ukijikata, inarudi kwenye kidonda, inafanya kazi yake, kidonda kikifunga inaondoka. Kwenye kiungo cha mgonjwa wa baridi yabisi inarudi na haiondoki.

Kim Midwood na wenzake wa Taasisi ya Kennedy, wakati huo ikiwa London, walichapisha mwaka 2009 jaribio ambalo nalipenda kwa jinsi lilivyo wazi. Walichukua panya wasiotengeneza tenasini-C kabisa, wakawawasha kiungo makusudi. Uvimbe ulianza, kama kwa panya wengine. Tofauti ilikuja baadaye: kwa hawa uvimbe ulitulia haraka, na mifupa yao haikuliwa. Kisha wakafanya kinyume, wakadunga tenasini-C kwenye kiungo cha panya wa kawaida, kikavimba. Wakaiweka kwenye seli za utando zilizotoka kwa wagonjwa wa baridi yabisi, zikamwaga saitokaini, zile protini za kuitana za chembe za kinga. Kipokezi kilichohusika kilikuwa TLR4. Kwa hiyo tenasini-C haikuwa ndiyo iliyowasha moto. Ilikuwa ndiyo inayouzuia usizimike.

Nikamfikiria mama yangu mkubwa. Vidole vyake vilianza kuvimba akiwa hajafika miaka hamsini, asubuhi hawezi kufungua mfuniko wa chupa ya chai mpaka saa nne. Kila siku anauliza jambo moja, na si "kilianzaje." Anauliza, "Mwanangu, mbona hakiishi?" Ugonjwa wake una mambo mengine pia, kingamwili zinazoelekezwa kwenye protini za mwili wake mwenyewe, kurithi, na mengine. Lakini kwa swali lake hasa, mzunguko huu ndio jibu bora nililolipata. Chembe za kinga zikiamshwa hutoa vimeng'enya vya kukata matriksi. Matriksi ikikatwa hutoa vipande. Vipande huamsha chembe za kinga. Hapo hahitajiki kijidudu wala baridi ya Julai. Nilimweleza hivyo, akanisikiliza hadi mwisho, akasema, "Basi wakate huo mzunguko." Daktari wake alikuwa ameshamwanzishia methotreksati, dawa ya kutuliza kinga, mara moja kwa wiki, na nikarudia mara moja kwa wiki mpaka akanikasirikia, maana wapo walioimeza kila siku na ikawadhuru vibaya.

Vimeng'enya hivyo vya kukata navyo vina kisa chake. Cha kwanza kiligunduliwa mwaka 1962 na Jerome Gross na Charles Lapière, ambao walitaka kujua kiluwiluwi anapokuwa chura mkia wake unakwenda wapi. Kolajeni ya mkia inakatwa na kuyeyushwa. Kumbe mwili wa binadamu unavyo vya aina hiyo zaidi ya ishirini.

Sasa, kama unafanya kazi maabara, kwenye habari hii yote kuna harufu mbaya, na lazima niiseme. Protini nyingi za majaribio hutengenezwa ndani ya bakteria: unampa jeni ya binadamu, anakutengenezea protini kwa wingi, unaivuna. Bakteria anayetumika zaidi ni E. coli, na ukuta wake umejaa ileile sumu inayoamsha TLR4. Kiasi kidogo sana kikibaki kwenye protini uliyoivuna, chembe za kinga zitaamka, nawe utaandika kwamba protini ya mwili inaamsha kinga. Limetokea. Madai kadhaa ya namna hii yameanguka kwa sababu hiyo hiyo, na mwenye kusoma makala hizi bila kuuliza "mlisafishaje?" anajidanganya.

Namna ya kuchunguza inapendeza kwa urahisi wake. Unachemsha. Protini ikichemshwa hujikunja vibaya na kupoteza kazi yake. Sumu ya bakteria haishtuki kwa kuchemshwa. Ukiweka mchanganyiko uliochemshwa kwenye seli na bado zikaamka, ulikuwa unapima uchafu. Unaongeza pia polimiksini B, dawa inayoishika ile sumu na kuizima. Unapima kwa dondoo la damu ya yule mnyama wa baharini anayefanana na kaa, mwenye damu ya buluu, ambayo huganda ikigusana na sumu hiyo. Na kama unaweza, unatengeneza protini yako ndani ya seli za mnyama badala ya bakteria. Midwood na Schaefer walifanya ukaguzi wa namna hii, ndiyo maana kazi zao nazitaja na nyingine nimeziacha.

Binamu yangu ni mgumu, maana yake anabeba mizigo ya watalii mlimani. Kilo 20 ndicho kikomo cha mzigo kinachopimwa getini. Watu wanadhani kinachoua magoti ni kupanda. Muulize mgumu yeyote atakuambia ni kushuka. Kutoka kambi ya Barafu hadi geti la Mweka ni kama mita 3,000 kwenda chini, sehemu kubwa ni ngazi za mizizi na matope, na kila hatua goti linapokea uzito wa mtu pamoja na mzigo. Aliporudi safari moja goti la kulia lilikuwa limejaa. Alikwenda duka la dawa, akaeleza, akauziwa antibayotiki na diklofenaki, dawa ya maumivu na uvimbe. Akameza zote. Goti likapungua, na hadi leo anaapa ni antibayotiki.

"Kaka, diklofenaki ndiyo iliyokupunguza," nilimwambia.

"Dada, wewe unasoma maji. Mimi ndiye mwenye goti."

Alipovimba tena nilimvuta hadi hospitali. Maji ya njano hafifu, maandishi yanasomeka, chembe nyeupe chache kiasi, tone likiwa na mkia mfupi. Rangi ya Gram, ile tunayopaka ili bakteria waonekane, hakuna kitu. Hilo ni goti ambalo gegedu lake limeanza kuchanika na vipande vyake vinaelea ndani ya maji, vikiwemo vipande vya fibronektini, ambavyo navyo huchochea seli za gegedu kuzidi kujikata. Antibayotiki haina cha kuua hapo. Kinachofanyika ni kwamba bakteria wazuri wa tumbo wanakufa, na wabaya wanaobaki wanajifunza dawa. Kisha siku akija mtu mwenye goti la usaha kweli, dawa ileile inagoma.

Kuna nukta moja ambayo binamu angeishangilia kama angeijua, basi niiseme mwenyewe. Doksisaiklini, ambayo watalii wake wengi humeza kujikinga na malaria, ni antibayotiki ambayo pia inapunguza kasi ya vile vimeng'enya vya kukata kolajeni. Kwa dozi ndogo isiyoua bakteria, imekuwa ikitumika kwa ugonjwa wa fizi. Ikajaribiwa kwa magoti yaliyochakaa. Kwenye picha za eksirei ilionekana kupunguza kidogo kasi ya kuchakaa, lakini kwa maumivu, ambayo ndiyo yaliyomleta mgonjwa, nafuu ilikuwa ndogo mno isiyostahili madhara yake. Kwa hiyo hapana, kaka.

Mahali ambapo vimeng'enya hivi vinaumiza zaidi katika mkoa wetu pengine si kwenye magoti. Ni kwenye mapafu. Hospitali ya Kibong'oto kule Siha imehangaika na kifua kikuu tangu enzi za Mwingereza, na wanaofanya kazi huko wanayajua vizuri yale mashimo yanayoonekana kwenye eksirei ya kifua. Bakteria wa kifua kikuu si wao wanaokula kolajeni ya pafu. Wanazichochea seli zetu zitoe kimeng'enya, na seli zetu ndizo zinazobomoa. Hapo kijidudu kipo na antibayotiki ni lazima, miezi na miezi. Ila mtu anaweza kumaliza dozi, makohozi yakawa safi, na pumzi isirudi kama zamani, kwa sababu lililobomolewa limebaki hivyo.

Swali la mama mkubwa la kukata mzunguko limeshajaribiwa, angalau kwa njia moja. Kama TLR4 ndicho kipokezi, kizibe. Kingamwili moja iliyopewa jina la NI-0101 inafanya hivyo, na ilipewa wagonjwa wa baridi yabisi ambao methotreksati haikuwatosha. Majibu yalichapishwa mwaka 2020. Haikuwasaidia kuliko waliopewa sindano isiyo na dawa. Nilipoisoma nilivunjika moyo kidogo, kisha nikaona haishangazi. Biglikani ina TLR2 pia. NLRP3 iko palepale. Ukiziba mlango mmoja wa nyumba yenye milango mingi, watu wanapita kwingine. Na kuna hatari ya upande wa pili: wale panya wa Beutler wasioshtuka kwa sumu ya bakteria, ukiwapa Salmonella kidogo tu wanakufa, kwa sababu hawakujua kama ameingia.

Kwa hiyo kundi la Midwood, ambalo sasa liko Oxford, limeelekea kwingine. Wanakiacha kipokezi wazi ili bakteria aendelee kutambuliwa, na wanatengeneza kingamwili ya kukishika kile kipande cha tenasini-C kinachokiamsha. Nadhani ndiyo njia yenye akili zaidi, ingawa bado ni kazi ya maabara na wanyama, na hata ikifaulu kesho, bei yake haitakuwa ya mtu wa Kibosho. Zile sindano za kuzuia TNF, mojawapo ya saitokaini, ambazo zimewabadilishia maisha wagonjwa wa Ulaya tangu miaka ya 1990 mwishoni, hapa bado ni dawa ya mwenye bima nzuri au ndugu aliye ng'ambo.

Binamu aliniuliza kama hiyo dawa mpya ipo KCMC, hospitali kubwa ya hapa Moshi. Nikamwambia haipo popote kwa mgonjwa wa goti kama lake. Kilichopo ni mtaalamu wa mazoezi ya viungo, misuli ya paja ikazwe ili ibebe sehemu ya kazi ya gegedu, kupumzika goti likiwa limejaa, na fimbo mbili za kutembelea wakati wa kushuka. Fimbo siyo tatizo, akasema. Watalii wanaziacha Mweka nyingi tu, za bei mbaya. Tatizo ni kwamba mzigo uko kichwani na mkono mmoja unaushikilia. Tumekubaliana fimbo moja, mkono wa kushoto, na ataongea na kiongozi wake apangiwe begi linalovaliwa mgongoni.